Laini Mbili: Venye Kipimo cha Mimba Kilitoka kwa Panya na Vyura Hadi Kemisti ya Mtaa

Ukiingia kemisti yoyote ya mtaa leo na soo moja, kuna uwezekano mkubwa utatoka na kipimo cha mimba na chenji ya kununua maji. Hakuna mtu anakuuliza jina. Hakuna anayetaka kujua kama umeolewa. Unaenda choo, unangoja dakika tano, unacheki laini ni moja ama ni mbili, na stori imeisha. Ama ndio imeanza.

Miaka 60 iliyopita hilo jibu halikuwa lako. Mkojo ulikuwa wako, mwili ulikuwa wako, lakini jibu lilikuwa la daktari, na yeye ndiye angeamua utaambiwa lini, na kama ulistahili kupimwa kabisa. Kabla kufika hapo kulikuwa na panya waliochinjwa, sungura waliopasuliwa, chura mmoja wa Afrika Kusini aliyezunguka dunia nzima, na dem mmoja wa New Jersey aliyelipwa dola moja kwa wazo lake, na hata hiyo dola hakuiona. Wacha tuipige kutoka mwanzo.

Kitu inapimwa ni gani?

Homoni ni ujumbe ambao mwili unajitumia wenyewe kupitia damu. Zikishafanya kazi, figo zinazichuja na nyingine zinatoka na mkojo. Kwa hivyo mkojo ni kama kikapu cha takataka cha ofisi: ukijua kusoma karatasi zilizotupwa humo, utajua ni nini kinaendelea ndani.

Ujumbe wa mimba unaitwa hCG. Yai likisharutubishwa linasafiri hadi kwa nyumba ya mtoto na kujishikilia pale, kitu ambacho huchukua kama siku 6 hadi 12 tangu yai litoke kwa ovari. Hapo ndipo chembe zitakazokuwa kondo la nyuma zinaanza kutoa hCG. Kazi yake ni moja ya maana sana: inaambia ovari zisifunge duka, ziendelee kutoa projesteroni ndio ukuta wa nyumba ya mtoto usibomoke. Ujumbe huo usipofika, unapata periodi kama kawaida.

hCG inapanda kwa kasi ya ajabu. Mwanzoni inajizidisha maradufu kila siku mbili au tatu hivi, inafika kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, halafu inashuka. Shika hiyo point ya kujizidisha, tutairudia.

Panya wa Berlin

Watu wamekuwa wakipima mkojo tangu zamani za Mafarao. Kuna karatasi ya mafunjo ya Misri, ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, inayosema mwanamke akojolee mbegu za ngano na shayiri kila siku. Zikiota, ana mimba. Unaweza kucheka, lakini mwaka wa 1963 watafiti walijaribu hiyo kitu kwa lab na wakapata kwamba mkojo wa wanawake wenye mimba uliotesha mbegu kama mara 7 kati ya 10, huku ule wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba ukizizuia kuota. Mafarao walikuwa wameona kitu. Ile part ya kujua kama ni kijana ama msichana ndio ilikuwa bure kabisa.

Sayansi yenyewe ilianza Berlin mwaka wa 1927. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walichukua mkojo wa mwanamke mwenye mimba wakaudunga panya wa kike wadogo ambao hawajabalehe. Baada ya siku kama nne wakawaua, wakawapasua na kuangalia ovari. Kama zimevimba na zina madoa ya damu, basi mwenye mkojo ana mimba. Kwa kila mwanamke mmoja walitumia panya watano hivi, na majibu yalikuwa sahihi zaidi ya mara 95 kwa 100. Hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yao. Wote wawili walikuwa Wayahudi, na Hitler alipoingia ilibidi wahame: Zondek akaishia Jerusalem, Aschheim akaenda Paris.

Mwaka wa 1931 Maurice Friedman wa Marekani akabadilisha panya akaweka sungura, na majibu yakaanza kupatikana kwa siku mbili. Wamarekani wakaanza kusema "sungura amekufa" wakimaanisha dem ana ball. Ukweli ni kwamba sungura alikufa kila mara, mimba iwepo isiwepo, juu lazima angepasuliwa.

Chura wa Cape Town

Hapa Afrika inaingia. Kuna chura wa Afrika Kusini anaitwa Xenopus laevis: ngozi inateleza, anaishi majini muda wote, na ana kucha kwa miguu ya nyuma. Mwingereza Lancelot Hogben, aliyekuwa akifunza Chuo Kikuu cha Cape Town, aligundua kwamba ukimdunga chura huyu wa kike homoni za tezi ya pituitari ya ng'ombe, anataga mayai. Alichapisha hiyo mwaka wa 1930. Miaka mitatu minne baadaye Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, palepale Cape Town, wakaonyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba unafanya vilevile.

Elewa venye hii ilikuwa kubwa. Chura hafi. Unamdunga jioni, unamweka kwa mtungi wa glasi, asubuhi ukikuta mayai chini, mimba iko. Unampumzisha wiki kadhaa halafu unamtumia tena. Hakuna damu, hakuna kupasua. Vyura wakaanza kupakiwa kwa meli kwenda Ulaya na Amerika kwa maelfu, na kwa miaka kama 20 hospitali kubwa za huko zilikuwa na chumba cha vyura.

Baadhi yao walitoroka ama wakaachiliwa, na mpaka leo kuna vizazi vyao wakijibamba kwa mito na mabwawa ya California, Chile na Ufaransa. Wengine walibaki lab na kuwa maarufu kwa sababu nyingine: John Gurdon wa Uingereza alitumia hao hao kuonyesha kwamba unaweza kutoa chura mzima kutoka kwa chembe ya utumbo, na mwaka wa 2012 akapata Nobel. Sisi pia tuko na binamu yake, Xenopus borealis, anayeishi nyanda za juu za Kenya, kimya kimya.

Jibu la daktari

Sasa teknolojia ipo, lakini nani anaitumia? Edinburgh ilifungua kituo cha kupima mimba mwaka wa 1929. Mkojo ulitumwa kwa posta, chupa imefungwa vizuri, lakini lazima utumwe na daktari, na majibu yarudi kwake. Baadaye, hata Uingereza ilipokuwa na matibabu ya serikali ya bure, lab za hospitali zilitaka sababu ya kitabibu. Mwanamke mzima asiye na ugonjwa, anayetaka tu kujua, alichukuliwa kama mtu wa udaku. Aambiwe angoje, tumbo litajisema.

Na kungoja si kitu kidogo. Kuna mwenye anatumia dawa kali, kuna mwenye kazi yake ni ya kubeba mizigo, kuna mwenye mimba imeshika mahali pabaya, kuna mwenye hataki mzazi ama bosi ajue kabla yake. Miezi miwili ya kukisia ina gharama.

Hilo pengo likaleta balaa. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza walianza kuwapa wanawake vidonge vya homoni kama kipimo, maarufu zaidi vikiwa Primodos. Unameza viwili. Ukitokwa na damu, huna mimba, usipotokwa, unayo. Yaani badala ya kupima homoni zinazotoka, wanakupatia nyingine uingize. Mwaka wa 1967 daktari Isabel Gal alionya kwamba huenda vidonge hivyo vina uhusiano na watoto kuzaliwa na kasoro. Vilibaki sokoni hadi 1978. Ubishi haujaisha mpaka leo: jopo la wataalamu la mwaka wa 2017 lilisema ushahidi hautoshi kusema vidonge ndivyo vilivyosababisha, halafu ripoti ya mwaka wa 2020 iliyoongozwa na Baroness Cumberlege ikasema vingepaswa kuondolewa kule 1967. Kinachouma ni kwamba mkojo ulikuwa tayari unaweza kutoa jibu hilo bila mtu kumeza chochote.

Kutoka chura hadi chupa

Mwaka wa 1960 Wasweden wawili, Leif Wide na Carl Gemzell, waliondoa mnyama kwa hiyo hesabu. Wazo lao lilikuwa kutumia kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza kushika adui. Ukimdunga sungura hCG, damu yake inatengeneza kingamwili za kuishika hCG peke yake, kama kufuli na funguo yake. Wide na Gemzell walichanganya hizo kingamwili na chembe za damu ya kondoo zilizopakwa hCG. Mkojo ukiwa na hCG, unazikalia kingamwili zote, chembe za damu zinakosa wa kuzishika, zinatulia chini ya chupa na kuunda pete nyekundu safi. Masaa mawili tu.

Ilikuwa na shida moja kubwa. hCG ina ndugu. Homoni ya LH, ambayo kila mtu anayo, mwanaume na mwanamke, imeundwa na vipande viwili, na kimoja kinafanana kabisa na kile cha hCG. Kingamwili za wakati huo zilikuwa zinachanganya hawa ndugu. Ndio kipimo kisidanganye, ilibidi kiwe kigumu kidogo kukubali, kwa hivyo ungengoja hadi hCG iwe nyingi, siku kadhaa ama hata wiki mbili baada ya periodi kukosa kuja.

Margaret Crane na dola moja

Mwaka wa 1967 Margaret Crane alikuwa na miaka 26, mchoraji wa matangazo katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey. Hakuwa mwanasayansi, alikuwa ameajiriwa kuchora mambo ya vipodozi. Siku moja akizunguka lab aliona safu ya chupa ndogo zimening'inia juu ya kioo. Akauliza ni za nini, akaambiwa ni vipimo vya mimba ambavyo madaktari wametuma. Ni hiyo tu? Chupa, dawa na kioo cha kuangalia chini? Mbona mwanamke asijifanyie nyumbani?

Alirudi keja akaanza kujaribu, na mwishowe akatumia kiboksi cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi kama mfano. Ndani: chupa moja, kioo chini, kidude cha kudondoshea matone. Wakubwa wakakataa. Walihofia madaktari, ambao ndio wateja wao, wataudhika, na walihofia wanawake watafanya nini wakipata jibu wakiwa peke yao. Mwishowe kampuni ikakubali kujaribu, ikaita wachoraji wanaume walete miundo yao. Wakaleta viboksi vya kike kike, vimeremeta, kingine na kishada. Crane akaweka chake mezani kimya kimya bila kualikwa. Mtu wa matangazo, Ira Sturtevant, alikiokota akasema hiki ndicho. Baadaye akawa mpenzi wake na mshirika wake kwa maisha, lakini hiyo ni udaku mwingine.

Hakimiliki ilitoka mwaka wa 1971 kwa jina la Crane, na yeye akaiuza kwa kampuni kwa dola moja ambayo anasema hakuwahi kulipwa. Mwaka huo huo kipimo kikaanza kuuzwa Kanada kwa jina la Predictor. Marekani waliruhusu 1976, na madukani kikafika mwaka uliofuata. Kilikuwa na kazi: unachanganya, unangoja masaa mawili, na meza isitikisike hata kidogo juu pete itavurugika. Chukulia unaishi na mandugu watano kwa nyumba ya vyumba viwili. Lakini kwa mara ya kwanza mtu alijua kabla ya daktari wake kujua.

Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa popote. Mwaka wa 2012 gazeti moja kubwa la Marekani liliandika historia ya kipimo cha mimba bila yeye, ndipo akaamua kujitokeza. Mwaka wa 2015 kile kiboksi chake cha kwanza kiliuzwa kwa mnada, na sasa kiko kwa makumbusho ya Smithsonian.

Kansa ndio ilisaidia

Hii part wengi hawaijui. Kuna kansa ya kondo la nyuma inaitwa choriocarcinoma, na yenyewe inatoa hCG kama maji. Mwaka wa 1956, kwa taasisi ya serikali ya Marekani, daktari Min Chiu Li pamoja na Roy Hertz walianza kuitibu kwa dawa ya methotrexate. Uvimbe ulipotea kwa eksirei. Wengine wangesema mgonjwa amepona. Li alicheki mkojo, akaona hCG bado iko, akaendelea kudunga dawa. Wakubwa wake waliona anawatesa wanawake kwa sumu juu ya namba tu, na akaondolewa kazini. Baadaye ikaonekana: wagonjwa waliotibiwa hadi hCG ikafika sufuri ndio walipona kabisa. Wale walioachwa njiani, kansa ilirudi. Mwaka wa 1972 yeye na Hertz walipewa tuzo ya Lasker.

Sasa ukitaka kufuata kansa hadi sufuri, huwezi kukubali kipimo kinachochanganya hCG na LH. Hiyo ndiyo iliwasukuma Judith Vaitukaitis, Glenn Braunstein na Griff Ross, katika taasisi hizo hizo za serikali. Mwaka wa 1972 walitengeneza kingamwili inayoshika kile kipande kingine cha hCG, kinachoitwa beta, ambacho ndicho kinaitofautisha na LH. Waliita kwa wagonjwa wa kansa, dunia ikakichukua kwa mimba. Na kwa vile kazi ilikuwa imelipwa na pesa za umma, hawakuchukua hakimiliki. Leo daktari wa Nairobi akikuandikia "beta hCG" ya damu, ni hicho kipande anaongelea.

Kilichobaki ni kutengeneza kingamwili moja safi kwa wingi usioisha. Georges Köhler na César Milstein walivumbua njia hiyo Cambridge mwaka wa 1975, na Nobel ikafuata 1984. Mwaka wa 1988 Clearblue wakaleta kijiti ambacho unakojolea tu na kungoja. Chupa na kioo vikaisha.

Ndani ya stripu

Kile kikaratasi kinanyonya mkojo kama utambi wa taa. Njiani mkojo unakutana na chembe ndogo sana za dhahabu, ndiyo dhahabu kabisa, kidogo mno, na ndizo zinatoa ile rangi ya pinki. Kila chembe imebeba kingamwili za hCG. Kama hCG iko, inajishika kwa dhahabu na wanasafiri pamoja.

Wakifika laini ya T, pale kuna kingamwili nyingine zimegandishwa, zinazoshika upande wa pili wa hCG. hCG inakwama katikati kama nyama kwa sandwichi, dhahabu inarundikana, laini inatokea. Dhahabu iliyobaki inaendelea hadi laini ya C, ambayo inaishika iwe na hCG ama isiwe nayo. Kwa hivyo laini ya C haisemi kitu kuhusu mimba. Inasema tu mkojo umefika na stripu iko hai. C isipotokea, tupa hiyo, chukua nyingine.

Kama inakukumbusha kipimo cha korona ama cha malaria, uko sawa. Ni akili ile ile, kingamwili ndio zimebadilishwa.

Mahali watu huingia ngori

Kupima mapema ndilo kosa la kawaida zaidi. Pakiti nyingi zimeandikwa 25 mIU/ml, maana yake hicho ndicho kiwango cha chini ambacho stripu inaona. Kumbuka hCG inajizidisha kila siku mbili tatu: ukiwa na 10 leo, stripu haioni kitu, ngoja siku nne hivi na umevuka. Kwa hivyo laini moja kabla periodi kuchelewa haimaanishi uko salama. Kama periodi zako hazina ratiba, hesabu siku 21 tangu ile siku mlilala pamoja bila kinga. Mkojo wa asubuhi ndio mzito zaidi. Kunywa maji lita mbili kwanza ni kujichanganyia.

Laini hafifu lakini yenye rangi, ukisoma ndani ya muda ulioandikwa, ni laini. Rudia baada ya siku mbili, itakuwa imekolea. Lakini ukirudi kwa dustbin baada ya saa nzima ukakuta kivuli cha kijivu, hiyo ni alama ya mkojo uliokauka. Usilie, usisherehekee.

P2 haichanganyi kipimo, ila inaweza kusukuma periodi mbele ikakutia wasiwasi. Mimba ikishatoka, hCG inaweza kubaki kwa mkojo wiki kadhaa, kwa hivyo laini mbili bado zitaonekana. Na kuna hili la maana kuliko yote: stripu inajua hCG iko, haijui mimba imekaa wapi. Laini mbili pamoja na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, damu, kizunguzungu ama kuzimia, enda hosi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mimba ya nje ya nyumba ya mtoto inaua, na inaua haraka.

Na hizo video za chumvi, sukari na dawa ya meno? Chumvi haina kingamwili. Dawa ya meno yenye chokaa inatoa povu juu mkojo una asidi kidogo. Mwambie ndugu yako wa kiume ajaribu, naye atakuwa "na mimba".

Hata hivyo kuna mwanaume anayeweza kupata laini mbili za ukweli. Baadhi ya kansa za korodani hutoa hCG, na madaktari wanaipima kwa damu kuifuatilia. Hiyo si joke ya kuleta kwa grupu.

Si mimba peke yake

Huyo ndugu LH naye amepata stripu yake. Inaruka juu ghafla kama siku moja ama moja na nusu kabla yai kutoka, kwa hivyo wanaotafuta mtoto wanaitumia kujua siku za kujaribu. Wenye PCOS wajue kwamba LH yao inaweza kuwa juu muda mrefu, na stripu ikawapa ndiyo nyingi za uongo.

Estrojeni ilikuwa na mtu wake, James Brown, mkemia wa New Zealand aliyefanya kazi Edinburgh. Mwaka wa 1955 alichapisha njia ya kupima estrojeni tatu kwa mkojo wa mwanamke siku baada ya siku, na kwa mara ya kwanza mzunguko mzima ukaonekana kwa namba.

Kwa wanariadha wetu, kikombe cha mkojo ni maisha. Lab inalinganisha testosteroni na ndugu yake epitestosteroni. Uwiano ukivuka 4 kwa 1, maswali yanaanza, na kipimo cha kaboni kinafuata kujua kama hiyo testosteroni imetoka kwa mwili ama kwa dawa iliyotengenezwa kutoka kwa mimea. hCG yenyewe imepigwa marufuku kwa wanaume, juu inaamsha korodani kutoa testosteroni zaidi.

Nani anasoma laini?

Kipimo kimekuwa rahisi kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kukushikia kikombe na kukuambia ukojoe. Tanzania, kwa miaka mingi, wasichana walipimwa shuleni kwa lazima na waliopatikana na mimba wakafukuzwa. Serikali iliwafungulia mlango wa kurudi shule Novemba 2021, na mwaka wa 2022 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto ikaamua kwamba kupima kwa lazima lazima kukome. Hapa Kenya, mwongozo wa mwaka wa 2020 unasema msichana mwenye mimba abaki darasani muda awezao, na arudi baada ya kujifungua.

Kwa wanaotafuta kazi Gulf, mimba ni moja ya vitu vinavyoangaliwa kwa medikali, na ukipatikana nayo safari imesimama. Kama uko kwa hiyo foleni, nunua stripu yako ya soo moja mapema, ujipime kwako, ndio usiskie habari za mwili wako kwa dirisha la karani huku watu thelathini wakisikiliza.